Hoja na Ushawishi: Aina Mbili za Insha na Wajibu wa Mwamini Anayeandika



Katika parokia zetu nyingi kuna suala linalojadiliwa kila mwaka wala halimaliziki, nalo ni gharama za sherehe ya ndoa. Vijana wawili wamechumbiana, wanapendana, hawana kizuizi chochote. Hata hivyo, unapita mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu bila wao kufunga ndoa, kwa sababu kamati haijaundwa, michango haijatimia na ukumbi haujalipiwa. Wengine huanza kuishi pamoja huku wakisubiri. Watoto huzaliwa, na Sakramenti hubaki kuwa ahadi.

Tuseme kwamba halmashauri ya walei imewaalika wanaparokia watoe maoni kwa maandishi juu ya swali moja: je, parokia iweke mwongozo wa kuwahimiza wachumba wafunge ndoa kwa sherehe ndogo? Vijana wawili wanaandika, na wote wawili wanaunga mkono. Wa kwanza anaeleza swali, anataja sababu za wanaopinga, anazipima moja baada ya nyingine, kisha anatoa jibu lake. Wa pili anaanza kwa kuwachorea wasomaji picha ya mama kijana anayebaki kwenye benchi kila Jumapili wakati wenzake wanakwenda kupokea Komunyo Takatifu, na anamaliza kwa kuwasihi wajumbe wapitishe mwongozo huo katika kikao kijacho.

Vijana hawa wamefikia jibu moja, lakini hawakuandika insha ya aina moja. Wa kwanza ameandika insha ya hoja. Wa pili ameandika insha ya ushawishi. Wanafunzi wengi huzichanganya aina hizi mbili na kupoteza alama katika mitihani. Sisi watu wazima huzichanganya pia, katika barua za jumuiya, katika vikao na katika jumbe tunazotumiana kwa simu, na hasara yake huwa kubwa kuliko alama. Ndiyo maana tumeona vema kuieleza tofauti hiyo hapa.

Insha ya hoja hutafuta nini

Insha ya hoja huanza na swali ambalo watu wenye akili timamu na nia njema wanaweza kutofautiana juu yake. Mwandishi ana msimamo wake, wala hauficha. Hata hivyo, anakubali sharti moja zito: msimamo huo lazima usimame mbele ya mpinzani aliye hodari. Kwa hiyo anatoa sababu, anaziunga mkono kwa ushahidi, anazitaja sababu za upande wa pili kwa haki, na anazijibu. Pale ambapo mpinzani ana ukweli, anakiri. Msomaji akifika mwisho na bado hakubaliani naye, angalau anajua ni kwa nini mwandishi anaamini anachoamini, na ni wapi hasa wanapoachana.

Kanisa lina mwalimu mkubwa wa uandishi wa namna hii. Mtakatifu Thoma wa Akwino, mtawa Mdominikani aliyeishi katika karne ya 13 na kufariki mwaka 1274, aliandika kitabu chake kikuu, Summa Theologiae, kwa mpangilio ambao kila mwanafunzi wa insha angefaidika nao. Kila kipengele huanza na swali linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Mara baada ya swali, Thoma hatoi jibu lake. Anaweka kwanza pingamizi, yaani sababu zinazoelekea kuupinga msimamo atakaoutetea. Zikifuatwa na kauli fupi ya upande mwingine, mara nyingi kutoka katika Maandiko au kwa Mababa wa Kanisa, ndipo anapotoa maelezo yake mwenyewe. Mwishoni anarudi kwenye pingamizi zile na kuijibu kila moja kwa nafasi yake.

Tutazame swali zito kuliko yote aliyouliza: je, Mungu yupo? Padre mtawa, akiwaandikia wanafunzi wa teolojia, angeweza kulipita haraka. Thoma alianza kwa kuziweka mezani sababu mbili za kusema hayupo. Ya kwanza ni uwepo wa uovu ulimwenguni: kama Mungu ni wema usio na mipaka, uovu unatoka wapi? Ya pili ni kwamba mambo tunayoyaona yanaweza kuelezwa kwa maumbile na kwa akili ya binadamu, bila kumhitaji Mungu. Hizo ndizo sababu zinazotajwa hata leo na wasioamini. Thoma alizitaja kwanza, kwa nguvu zake zote, kisha akatoa njia tano maarufu, na ndipo akazijibu.

Katika kitabu hicho hicho anakumbusha kwamba hoja inayotegemea mamlaka ya binadamu tu ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ile inayotegemea ufunuo wa Mungu ina nguvu kuliko zote. Kwa mwandishi wa insha hili ni onyo la manufaa. Kusema "mtu mkubwa fulani alisema hivyo" bado si kuthibitisha kitu. Lazima tuonyeshe sababu.

Insha ya ushawishi hutafuta nini

Insha ya ushawishi ina lengo jingine: inataka msomaji atende. Haimtaki akubali kwa akili tu, akunje karatasi na kwenda zake. Inataka apige kura, asamehe, achangie, aache jambo au aanze jambo. Kwa kuwa binadamu hatendi kwa akili peke yake, insha hii huongea na moyo wake pia. Inatumia mfano unaoonekana, simulizi, lugha yenye mvuto, na uhusiano uliopo kati ya mwandishi na msomaji. Haidaiwi kutaja kila pingamizi. Huchagua lile linalomzuia msomaji huyu asitende, na kulishughulikia.

Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Kristo, alieleza njia tatu za kumfanya msikilizaji akubali: sababu zinazotolewa, tabia ya msemaji inayomfanya aaminike, na hisia zinazoamshwa ndani ya msikilizaji. Insha ya hoja huegemea zaidi ya kwanza. Insha ya ushawishi huzitumia zote tatu bila aibu.

Anayetaka mfano bora asome Barua ya Mtume Paulo kwa Filemoni. Ina aya 25 tu. Tunaweza kuisoma tukiwa tunasubiri Misa ianze. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, alikuwa ametengana na bwana wake, akakutana na Paulo aliyekuwa kifungoni, akawa Mkristo. Sasa Paulo anamrudisha, naye anataka Filemoni ampokee si kama mtumwa tena bali kama ndugu. Hebu tuangalie jinsi anavyoandika. Anaanza kwa kushukuru kwa ajili ya imani na upendo wa Filemoni. Anasema kwamba angeweza kumwamuru, lakini kwa ajili ya upendo anachagua kumsihi. Anajitaja kuwa mzee na mfungwa. Anamwita Onesimo mwanawe. Anacheza na jina Onesimo, ambalo maana yake ni mwenye kufaa. Analijua pingamizi moja linaloweza kumkwamisha Filemoni, yaani hasara aliyoipata, na analimaliza kwa kuahidi kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Hatimaye anaomba aandaliwe chumba cha wageni, maana anatarajia kuja. Nani angempokea Paulo nyumbani baada ya kumkatalia ombi hilo?

Huo ni ushawishi mtupu, na ni mtakatifu. Paulo huyohuyo, anapowaandikia Warumi juu ya neema na sheria, huandika kwa namna nyingine kabisa: anauliza maswali ambayo mpinzani angeuliza, anayajibu, anasonga hatua kwa hatua. Alijua wakati wa kujenga hoja na wakati wa kusihi.

Swali moja, insha mbili

Turudi kwenye swali letu la ndoa ili tofauti ionekane kwa macho. Kijana wa kwanza angeweza kuandika hivi:

"Wanaoupinga mwongozo huu wana sababu zinazostahili kusikilizwa. Kwanza, wanasema ndoa haiwahusu watu wawili tu. Inaunganisha koo mbili, na sherehe ndipo mahali koo hizo zinapokula pamoja na kufahamiana. Pili, wanasema mchango ni deni la upendo: aliyechangiwa jana huchangia leo, na kuikata desturi hiyo ghafla ni kuwaumiza waliokwisha kutoa. Tatu, wanatukumbusha kwamba Yesu mwenyewe alihudhuria harusi ya Kana, wala hakuwaacha wageni bila divai. Tunakubali kwamba sherehe ni njema. Swali letu ni hili: je, Sakramenti iingoje sherehe? Sheria ya Kanisa inafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili wasio na kizuizi, nayo kwa kawaida hutolewa mbele ya mhudumu mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Ukumbi haumo katika masharti hayo. Koo zinaweza kula pamoja kwa chakula cha kawaida, au kukutana baadaye uwezo ukipatikana. Deni la upendo linaweza kulipwa kwa kuwasaidia wanandoa waanze maisha. Na huko Kana, divai ilitindika watu wakiwa tayari harusini. Hatusomi kwamba waliiahirisha harusi mpaka divai itoshe."

Kijana wa pili angeandika hivi:

"Wazee wetu, vijana hawa mnawajua. Ndio wanaopanga viti siku ya somo wa parokia na kubaki nyuma kufagia. Lakini wakati wa Komunyo wanasogeza miguu ili wengine wapite, nao wanabaki wamempakata mtoto. Imani hawajaikosa. Walichokosa ni fedha za mapambo, muziki na keki. Wengi wenu mlifunga ndoa kwa chakula kilichopikwa na majirani, na leo tunawaita baba na mama wa jumuiya. Tunawaomba mwongozo huu upite katika kikao hiki, ili Pasaka ijayo wasimame mstarini pamoja nasi."

Tuone tofauti. Insha ya kwanza inamhudumia mjumbe ambaye bado anapima. Inampa pande zote mbili na kumwonyesha njia ya kufikia jibu. Insha ya pili inamhudumia mjumbe ambaye tayari anaona uzito wa jambo lakini anasitasita. Ya kwanza inasema "tunakubali" na "swali letu ni hili". Ya pili inasema "mnawajua" na "tunawaomba". Ya kwanza inazijibu pingamizi tatu. Ya pili haijibu hata moja waziwazi. Inawakumbusha tu wazee maisha yao wenyewe.

Tuone pia kile ambacho insha ya pili haikusema. Haikusema kwamba ndoa zenye sherehe kubwa huvunjika na zile za sherehe ndogo hudumu. Sentensi hiyo ingewagusa wasikilizaji, na pengine ingepigiwa makofi. Lakini mwandishi hana ushahidi wake. Haikutaja wala kueleza mambo ya familia fulani kiasi cha kila mtu kuitambua, maana hata simulizi ya kweli inaweza kuwa dhambi dhidi ya jirani ikimwanika hadharani. Mwandishi mwaminifu wa insha ya ushawishi hujulikana kwa yale anayojizuia kuyasema.

Hatari ya ushawishi usio na hoja

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu kama waamini. Ushawishi una nguvu hata pale usipokuwa na ukweli. Tunapokea katika simu zetu ujumbe unaoahidi baraka kwa atakayeusambaza kwa watu kumi na kumtishia atakayeukatiza. Tunasikia shuhuda za uponyaji zinazomwambia mgonjwa aache dawa. Tunaona maombi ya michango yenye picha ya mtoto anayelia, bila kujua mtoto huyo ni nani na fedha zinakwenda wapi. Ukiutazama kwa makini ujumbe wa namna hiyo, utaona hisia, utaona haraka, utaona jina la mtu mkubwa, sababu hutaiona. Tukiwa hatujafundishwa kutofautisha kuguswa na kuthibitishiwa, tutaguswa, tutaamini, na tutatuma kwa wengine.

Mtakatifu Augustino aliijua hatari hiyo kwa ndani. Alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi inayoitwa leo Algeria, akawa mwalimu wa balagha, yaani sanaa ya kusema kwa ufasaha na kushawishi, huko Karthago, Roma na hatimaye Milano. Baadaye aliitazama kazi hiyo kwa majuto, akijiona kuwa alikuwa akiuza maneno ya kuwashindia watu kesi, yawe ya kweli au la. Huko Milano alikwenda kumsikiliza Askofu Ambrosi, si kwa kutafuta ukweli bali kwa kutaka kupima ufasaha wake. Alipokuwa akiyafurahia maneno, maana yake nayo ikaingia moyoni mwake. Mwaka 387 alibatizwa na Ambrosi huyohuyo.

Akiwa askofu wa Hippo, Augustino hakuitupa balagha. Katika kitabu cha nne cha De Doctrina Christiana aliuliza: ikiwa wanaotetea uongo wanajua kuigusa mioyo, kwa nini wanaotetea ukweli wasimame wakiwa baridi na wenye kuchosha? Akafundisha, kwa kufuata msemaji Mroma Cicero, kwamba anenaye hufundisha, hupendeza na husukuma watu watende. Kwa Augustino kufundisha ndilo jambo la lazima kwanza. Mtu akishajua lililo kweli lakini halitendi, ndipo anapohitaji kusukumwa.

Katika kitabu hicho anasimulia tukio lililompata mwenyewe huko Kaisaria ya Mauritania, katika Afrika ya Kaskazini. Wenyeji wa mji huo walikuwa na desturi ya kale ya kugawanyika makundi mawili kila mwaka kwa wakati maalumu na kupigana kwa mawe siku kadhaa, hata ndugu kwa ndugu, baba kwa mwana, na kila aliyeweza aliua. Augustino alisema nao kwa nguvu zote alizokuwa nazo ili waiache. Walipiga makofi, lakini hakudhani kwamba amefaulu. Makofi yalionyesha tu kwamba wameelewa na kufurahia. Alijua amefaulu alipowaona wakilia. Na alipokuwa akiandika, anasema, ilikuwa imepita yapata miaka minane au zaidi bila vita hiyo kurudi.

Kisa hiki kinatupa kipimo. Insha ya ushawishi haipimwi kwa makofi. Hupimwa kwa mabadiliko ya kweli, na kwa jambo lililostahili kubadilishwa. Kwamba ni vibaya kumpiga ndugu kwa mawe, hilo lilikuwa wazi kwa hoja. Kilichobaki kilikuwa kuikomboa mioyo na mazoea.

Namna ya kuchagua na kuandika

Kwa wanafunzi, tunashauri swali lisomwe kwa makini kabla ya kalamu kugusa karatasi. Likisema "jadili", "je, unakubali?" au "eleza faida na hasara kisha utoe msimamo wako", linadai insha ya hoja, asiyetaja upande wa pili atakuwa amejibu nusu. Likisema "washawishi", "wahimize" au "andika hotuba ya kuwataka wenzako wafanye jambo fulani", linadai ushawishi. Hapo msomaji lengwa lazima aonekane, na mwisho wa insha lazima umwombe tendo lililo wazi.

Kwa makatibu wa jumuiya, viongozi wa vyama vya kitume na wote wanaoandika kwa niaba ya wengine, tunashauri mambo matatu. Kwanza, tuandike hoja kabla ya ushawishi, hata kama ni kwenye karatasi yetu ya siri. Tukishindwa kutaja sababu mbili nzuri za anayetupinga, bado hatujalielewa jambo lenyewe. Pili, tunapoandika ili kushawishi, kila sentensi iwe ile ambayo tungeweza kuithibitisha kama mtu angesimama kikaoni na kutuuliza. Tatu, tusimnyime msomaji muda. Mpinzani akiomba wiki moja ya kutafakari, ombi lililo la haki halitaharibika ndani ya wiki hiyo.

Mtume Petro, katika barua yake ya kwanza, anawataka Wakristo wawe tayari siku zote kumjibu kila anayewauliza sababu ya tumaini lililo ndani yao, lakini wafanye hivyo kwa upole na heshima. Anayeuliza anastahili kupewa sababu, na anastahili pia kutendewa kama ndugu wakati anapewa. Halmashauri ya parokia tuliyoianza nayo inazihitaji insha zote mbili: ile ya hoja isomwe kwanza, wajumbe wajue wanaamua nini, ile ya ushawishi isomwe baadaye, wakumbuke wanaamua kwa ajili ya nani.